Shimo Nililolibadili kwa Duka

3 Februari

Ndiyo, Shangazi, uliyosikia ni kweli. Kile kiwanja cha marehemu baba nimeshakitoa. Aliyekichukua ni yule mfuga kuku, na hao watu uliowaona wanachimbia nguzo za uzio ni watu wake, si wezi. Usiwapigie kelele.

Shikamoo. Najua nimeanza na jibu kabla ya salamu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu kwa kupitia dirishani. Lakini barua yako nayo ilianza na swali, "hujambo" yenyewe nimeikuta mwishoni imechoka. Hapa tu wazima. Mkweo anakusalimia sana. Mjukuu wako ameota jino, jino lenyewe moja tu, na analitumia vibaya. Juzi kaning'ata kidole halafu akanicheka. Nikamwambia mama yake, huyu hatujakosea, damu ya shangazi yangu imo humu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana mimi mwenyewe mpaka leo nimepigwa na butwaa. Huyo mfuga kuku alikuwa na chumba cha duka hapa mjini, kwenye mtaa wa mafundi viatu. Mlango wa chuma, rafu ukuta mzima, paa halivuji. Akachoka na mji, anataka kwenda huko kwetu akafuge. Akanikuta nimepanga vyungu vyako chini barabarani juu ya gunia, kazi yangu kubwa ni kuwafukuza watu wa baiskeli wasinikanyagie mali. Akaniambia, "Wewe nasikia una kiwanja kwenu. Mimi nina duka. Tubadilishane."

Nikadhani ananitania. Unanijua, mimi simdanganyi mtu ambaye hajanywa chai, na ilikuwa asubuhi. Nikamwambia, "Mzee, kile si kiwanja. Kile ni shimo lenye kiwanja pembeni. Mbuzi akiingia mweupe anatoka mwekundu." Akasema shimo linafukiwa, shida iko wapi. Tukashikana mikono pale pale. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Nikamwambia mkweo, "Mama, leo nimempa mtu shimo, akanipa duka." Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Kwa hiyo usihuzunike. Baba angekuwepo angecheka mpaka akohoe. Miaka yote lile shimo linakaa pale linakula majani ya bure, leo limezaa mlango wa chuma.

Sasa duka linataka vyungu, rafu tupu zinanitazama. Niletee bakuli za supu, vikombe vya chai, vikaango, na chungu kikubwa cha maharage cha Mama Supu. Huyu ndiye yule mwenye mgahawa wa kituoni, nimeshakusimulia habari zake. Kila meza yake ina bakuli lako. Anasema supu ukiiweka kwenye bati inakukimbia, ukiiweka kwenye udongo inakaa kukusubiri. Mwanamke ana maneno huyo, nimeanza kuyatumia dukani kama yangu.

Barua anakuletea Breki, dereva wa lori, kama kawaida. Ile simu niliyokutumia najua iko sandukuni, imelala usingizi wa haki.

Mwanao,
Kasuku


22 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kulia, limeamua kuishi maisha yake peke yake. Jirani yangu kapaka nyumba rangi ya kijani. Nikifungua mlango asubuhi naona kama bamia kubwa imekuja kuniamkia. Mwambie mkwe wangu amzuie mtoto kung'ata watu, ila akikung'ata wewe amwache.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Nilikuwa nakanda udongo, nikaacha, ukakauka mikononi.

Kiwanja kilikuwa cha kaka yangu, na kaka yangu hayupo, basi ni chako. Mtu hapangiwi mali yake. Ila ungeniuliza. Hilo tu. Ungeniuliza.

Sasa nakuuliza mimi. Huyo mtu wa kuku alisema shimo atalifukia lote au upande? Lini? Huwezi kumwambia aanze kujenga upande wa juu kwanza? Andika upesi. Mpe Breki mkononi, usimpe mtu ampe Breki.

Vyungu vitachelewa. Usiniulize kwa nini. Udongo mwanamume hajui unatoka wapi na hana haja ya kujua, ndivyo ilivyo tangu bibi yako na mama yake. Wewe kazi yako ni kuuza. Mdomo unao.

Ni mimi,
Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Lori la Breki lilikufa huko huko kabla halijatoka, likalala kwa fundi, na barua yako ikalala nayo ndani ya kofia ya Breki. Nimeipata pamoja na vyungu ulivyompakilia lilipopona. Inanuka dizeli lakini herufi zote ziko salama.

Huku wazima. Mjukuu wako sasa ana meno mawili, amefungua tawi.

Kuhusu shimo, wewe uko hapo hapo, nadhani umeshaona mwenyewe. Mfuga kuku alikuja mjini kununua pumba, akanisimulia kwa furaha. Kaleta kifusi cha nyumba iliyobomolewa, matofali, saruji, chokaa, kila takataka. Kajaza mpaka juu, kasindilia, kamwaga sakafu ya zege, na kuku wameshahamia. Anasema ukipita huwezi kujua kama pale paliwahi kuwa na shimo. Nikampa hongera. Ulitaka aanze upande wa juu kwa sababu gani? Kama ni maji yalikuwa yanakuja kwako, basi sasa yamekoma.

Vyungu vipya nimevipanga. Vimebadilika rangi, ama? Vya zamani vilikuwa vyekundu vya kung'aa, hivi vimefifia kama mtu aliyetoka kuugua. Mteja mmoja akaniuliza, nikamwambia hiyo ndiyo rangi ya mwaka huu, akachukua vinne. Mama Supu kachukua chungu chake kikubwa, kakibeba mwenyewe kifuani kama mtoto.

Biashara inakwenda. Watu wananunua, na wengine wanarudi. Nikisema wanarudi maana yake wananipenda.

Shangazi, macho yako yakoje siku hizi? Na mkono, ukifinyanga hautetemeki? Nauliza tu. Mtoto haruhusiwi kuuliza?

Mwanao,
Kasuku


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jirani wa bamia kaoza binti, tumekula, tumecheza, mimi nimecheza nimekaa. Mvua imekoma. Breki alipita hapa kabla ya leo nikamwambia sina barua. Nilikuwa nayo, nikaichana.

Macho yangu yanaona vizuri. Yanaona hata nyuma ya karatasi yako. Mkono hautetemeki. Sasa na mimi nauliza tu. Hao watu wanaorudi dukani, wanarudi mikono mitupu au wamebeba kitu? Ukichukua chungu kipya ukakigonga kwa kifundo cha kidole, kinalia au kinakohoa? Hapa vilipotoka motoni vilikuwa vinalia. Niligonga kimoja kimoja. Nijibu hilo bila mzaha, mzaha weka kwenye karatasi nyingine.

Nimebadilisha kitu kidogo kwenye kazi. Si kitu cha kukuhusu. Lakini fanya hivi: bakuli na vikombe endelea kuuza. Vile vya kuwekwa motoni usivitoe. Vikae rafuni mpaka nikuambie. Na cha Mama Supu kirudishe, mwambie nitamfinyangia kingine. Mdanganye utakavyo, hiyo kazi unaiweza.

Ni mimi,
Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika, na chungu kimeshapasuka.

Leo sitanii. Nimejaribu kuanza barua hii kwa kukupa habari za mtoto, kalamu imekataa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa mgahawani kwa Mama Supu, nimekaa karibu na jiko, nimemaliza kumwambia mtu wa meza ya pili kwamba chungu cha shangazi yangu kinarithiwa na wajukuu. Maharage yanachemka. Mama Supu kasimama na mwiko wake. Nikasikia "ta", kama mtu amevunjia ukuni gotini. Halafu tako la chungu likaanguka zima, Shangazi, lote, limekatwa mviringo kama sahani. Sehemu ya juu ikabaki imekaa kwenye jiko kama pete. Maharage yote na maji yake yakashuka. Moto ukapiga mvuke, mgahawa wote hatuonani. Mvuke ulipopungua nikamwona Mama Supu amesimama pale pale, anaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Hakupiga kelele. Alisema, "Zimeni jiko." Watu mikono juu ya meza, hakuna aliyeinuka. Mimi mwenyewe nilikuwa na kijiko mdomoni, na kilibaki mdomoni mpaka nilipokuwa nje. Nilimmwagia maji ndoo nzima, nikamwinua, nikamweka kwenye mkokoteni ule ule ninaobebea vyungu vyako, nikausukuma mpaka zahanati. Njia nzima mimi, Kasuku, sikupata neno la kumwambia. Unajua nani aliongea? Yeye. Kaniuliza, "Kasuku, shangazi yako ni mzima?"

Nikamwambia mzima. Akasema, "Hapana. Mkono uliofinyanga zile bakuli zangu za kwanza haufinyangi hivi. Kuna jambo limempata, na wewe hulijui."

Miguu yote miwili imeungua mpaka juu ya kifundo. Daktari anasema itapona ila taratibu, na wa kushoto utabaki na alama. Mgahawa umefungwa.

Sasa nikujibu maswali yako, maana nilikuficha. Waliokuwa wanarudi walikuwa wanarudi na vyungu. Tangu mzigo ule wa Machi. Bakuli limekaa rafuni, halijaguswa na mtu, linajirushia kigamba ukubwa wa kifungo cha shati. Ndani ya tundu kuna kajiwe keupe, ukikagusa kanageuka unga. Kikombe kikaachia kigamba kwenye chai ya mtu. Mimi nikawa nabadilisha, huyu nampa kingine, yule namchekesha, mwingine namwambia panya. Sikukuandikia kwa sababu nilijiambia Shangazi amezeeka, macho hayaoni vijiwe, mkono umechoka, na nikimwambia nitamvunja moyo. Hiyo ndiyo akili yangu yote niliyokuwa nayo.

Nimeziondoa bakuli zote mezani kwa Mama Supu, zile za mzigo mpya. Za zamani nimeziacha, ukizigonga bado zinalia. Duka nimelifunga.

Niambie, Shangazi. Umebadilisha nini?

Mwanao


27 Juni

Mwanangu,

Mpe pole Mama Supu. Sijui pole inavyopita kwenye karatasi mpaka ifike kwenye mguu wa mtu, lakini mpe. Mwambie chungu ni changu, si chako. Hapa goti lipo, jirani yupo. Salamu zimeisha.

Breki amepita kuuliza jibu nikamwambia bado. Alipopita tena nilijificha ndani kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Mtu mzima mimi, nachungulia kwenye tundu la ufunguo nione kama lori limeondoka.

Sasa sikiliza. Lile shimo ndilo udongo wangu.

Si karibu nalo, si njia ya kwendea. Lenyewe. Bakuli ulilonywea uji ukiwa mdogo lilitoka mle, na chungu kilichopikiwa matanga ya baba yako kilitoka mle. Wewe ulidhani shimo linakua kila mwaka kwa sababu gani? Mvua ndiyo inachimba?

Bibi yako aliniapisha siku aliyonionyesha. Alisema mwanamume asijue udongo unapotoka, maana akijua tu atapapima kwa hatua, kisha atapatafutia mnunuzi. Kwa hiyo tulikuwa tunachimba alfajiri wanaume wamelala, tunafunika kwa majani, tukikutana na mtu tunasema tunatafuta kuni. Baba yako alizaliwa pale, akazeeka pale, akafa hajui. Na mimi nilipoona wewe ndiye mrithi, niliona haya pia. Nimechukua udongo kwenye ardhi ya mtu maisha yangu yote bila kuomba. Ningeanzaje kukwambia? Nikasema moyoni, Kasuku hana haja na shimo, yuko mjini, shimo litakaa.

Tulilificha lisiuzwe. Likatoka kwa sababu tulilificha. Nikiwaza hivyo nashindwa hata kukaa, nasimama nazunguka nyumba.

Ulipoondoka udongo ule, nilichukua wa ukingo wa mto. Una vijiwe vyeupe. Nilichekecha, nikachekecha tena, nikasaga vigae vya vyungu vya zamani nikachanganya humo ili uvumilie moto, kama nilivyofundishwa. Vilipotoka motoni vilikuwa vizuri, vinalia. Lakini vile vijiwe ukishavichoma havifi, vinalala. Vinakunywa unyevu kidogo kidogo, vinavimba, siku moja vinasukuma. Nilijua udongo wa mto una tabia hiyo. Nilijidanganya kwamba mchekecho wangu unatosha. Ulikuwa unaniandikia rafu tupu, duka jipya, mlango wa chuma, nikaona nikuletee chochote.

Nimevivunja vyote vilivyobaki. Nilivipanga uani nikavivunja kwa mchi wa kinu, jirani akatoka kwenye nyumba yake ya kijani akadhani nimechanganyikiwa, nikamwambia nafanya usafi. Jiwe langu la kung'arishia vyungu nimelitupa sijui wapi.

Kuna udongo mwingine. Ng'ambo ya bonde, juu, bibi yako alikuwa anachimba huko kabla hawajapata huu wa karibu. Ni mzuri kuliko huu. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki ninayepajua. Lakini kupanda kule na kushuka na mzigo kichwani, goti hili halitaki, na sina binti wa kumtuma. Basi udongo huo utakwenda na mimi kaburini.

Usiniandikie tena habari za vyungu. Niandikie habari za mtoto.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi,

Ndiyo. Nilidhani ni mvua.

Shikamoo. Umesema nikuandikie habari za mtoto. Mtoto ana meno manne, anasimama kwa kushika ukuta, akianguka anaulaumu ukuta. Habari za mtoto zimeisha.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa duka, halafu nikakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Fundi viatu wa jirani kaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijui, bado nasoma. Mkweo alipokuja kunitafuta alinikuta naitazama mikono yangu. Nikamwambia, "Unakumbuka ile siku nilikuambia nimempa mtu shimo akanipa duka? Nilimpa vyungu vyote vya Shangazi. Vilivyokuwepo na ambavyo havijazaliwa." Akaketi kizingitini kando yangu.

Nikamfuata mfuga kuku sokoni anaponunua pumba. Nikamwambia, chukua duka lako, chukua rafu, chukua na mlango, nipe shimo. Akanitazama kama mtu mwenye homa, sasa wanaonidhania homa wamekuwa wawili, yeye na mkweo. Akasema shimo halipo, Kasuku. Hata akivunja zege, chini ni kifusi na chokaa vimeshachanganyika na udongo na maji ya mvua. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika, alisimamia mwenyewe.

Halafu akaniambia jambo jingine. Alisema, "Siku tunamwaga kifusi kuna mama mmoja mtu mzima, anachechemea, alikuja akasimama kwenye uzio. Nikamsalimia, akaitika vizuri. Akaniuliza kuku wangu wanakula nini. Nikamweleza. Akasema Mungu awabariki. Akasimama pale mpaka lori la mwisho lilipomaliza, ndipo akaenda. Nilidhani ni mgeni anashangaa mashine."

Shangazi. Ulimwombea baraka za kuku.

Mimi naongea toka asubuhi mpaka nalala. Naongea na wateja, naongea na mkokoteni, mkweo anasema naongea hata usingizini. Hilo moja ndilo lililonifunga mdomo. Ungemwambia neno moja tu, angesimamisha lori, si mtu mbaya. Na mimi ungeniandikia mstari mmoja, ningekuja kwa miguu. Lakini ulishaapa, na mwenye kuapa amebanwa. Sikulaumu. Nakueleza tu ninavyojisikia: kama ile sehemu ya juu ya chungu cha Mama Supu, nimebaki nimekaa jikoni sina chini.

Nimekwenda kumwona. Anatembea kwa fimbo, ameshafungua mgahawa nusu siku. Nimemweleza yote isipokuwa mahali, kwa sababu mahali penyewe sipajui na ndivyo inavyotakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja anitukane. Akaniuliza, "Kwa hiyo mkono wake mzima?" Nikamwambia mzima. Akasema, "Basi mimi siwezi kupika maharage kwenye sufuria maisha yangu yote. Mwambie." Nimekwambia.

Umenikataza habari za vyungu. Hii si habari ya vyungu, hii ni biashara, na biashara hukuikataza. Ninakuletea makubaliano. Soma mpaka mwisho ndipo ukatae.

Wewe una mahali huna magoti. Mimi nina magoti na sitakiwi kujua mahali. Basi nifunge macho.

Nitakuja na Breki. Nikifika mlangoni pako, kabla hata hujanipa maji ya kunywa, nifunge kitambaa usoni. Nizungushe kama unavyomzungusha mbuzi usiyetaka arudi kwao, nisijue kaskazini wala kusini. Nishikishe ncha ya fimbo yako unikokote. Najua goti lako, tutakwenda polepole, tukifika kwenye mlima nitakubeba mgongoni. Wewe utaona njia, mimi nitaona giza, tukiungana tunapata mtu mmoja mzima. Tukifika, chomeka fimbo unapotaka, nitachimba hapo hapo kwa kupapasa. Nitajaza magunia, nitashuka nayo, nikurudishe na wewe. Kitambaa hakitoki mpaka nimekaa ndani kwako na mlango umefungwa. Nikichungulia hata kidogo, niite jina lolote mbele ya jirani wa bamia, na tena nisile kwako maisha. Na njia nzima sitaongea, nisije nikasikia mwangwi nikajua ni bonde gani. Hilo la kutoongea ndilo litakaloniua, lakini limo kwenye makubaliano.

Upande wangu nataka mambo machache. Chungu cha kwanza ni cha Mama Supu. Hakuna chungu kitakachopanda lori kabla hujakichemshia maji jikoni kwako na kukiacha kikae mpaka mwezi uandame na kuisha. Rafu zitangoja, nimeshaziambia. Na mjukuu wako akianza kutembea vizuri nitamleta, wewe umpeleke huko ng'ambo macho wazi, mimi nibaki nyumbani nikimenya viazi. Yeye ni mwanamke, kiapo hakimgusi.

Ukikubali, usijisumbue kuandika barua. Mpe Breki kitambaa aniletee, nitaelewa. Kiwe kizito, maana mimi unanijua.

Mwanao,
Kasuku